Saini Kumi na Moja za Shamba la Vanila

Nyinyi mliobaki pale ofisini ghorofani mliniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa, nikawaambia nitaandika nikipata nafasi. Nafasi nimeipata, tena imezidi. Hii ni wiki ya tatu tangu nistaafu, nakaa nyumbani Barking. Vikombe vya kabatini nimevihesabu mara mbili, ni kumi na tisa, cha ishirini sijui nani alikivunja. Muuza mihogo wa sokoni nimebishana naye mpaka akaniuliza kwa upole kama sina pa kwenda. Na juzi nilipanda treni hadi Edgware Road, nikasimama ng'ambo ya barabara nikitazama dirisha letu. Taa ilikuwa inawaka saa sita mchana. Izimeni.

Vyeo na mishahara sitaandika. Tulikuwa watatu, vyeo vilikuwa viwili, na mishahara ilikuwa siri ambayo kila mtu aliijua. Nitaandika kazi yenyewe, na hasa lile faili la Bwana Kanti, ambalo kila anayelifungua huniuliza kwa nini halina mkataba.

Kabla ya ofisi nilikuwa nauza vitambaa sokoni, upande wa magharibi wa London, meza moja na mwavuli mmoja. Nimezaliwa Mombasa, Mji wa Kale, katika nyumba ambayo bei ya samaki ilijadiliwa kwa sauti kubwa kuliko siasa, kwa hivyo soko halikunipa tabu. Siku moja akaja mzee wa Kizanzibari, mwembamba, koti limepigwa pasi, anatafuta kitambaa cha pazia. Alitaka mita sita. Aliondoka na tisa na akashukuru. Wiki ya pili akarudi. Nikajua amekuja kurudisha, nikaanza kupanga maneno.

"Pazia limekaa vizuri," akasema. "Nataka mtu wa kunifanyia kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kuuliza maswali. Kifaransa unakijua?"

"Cha shule."

"Kiarabu?"

"Cha chuo cha Kurani."

"Komoro umepata kufika?"

"Hata ndotoni."

"Basi huna tofauti na wanaotaka kuwekeza kule. Njoo Jumatatu."

Huyo ndiye Bwana Seif, aliyeianzisha ofisi. Nyinyi mlimkuta kwenye picha tu. Kazi yake ilikuwa rahisi kuielezea. Watu wenye pesa, na watu wasemao wana pesa, walikuja kutuuliza kama inafaa kufanya biashara katika vile visiwa vidogo, zaidi Komoro. Mmoja anataka hoteli, mwingine saruji, mwingine karafuu. Sisi tunakwenda kuangalia hali ilivyo, nani wa kuonwa, karatasi zipi, siku ngapi, halafu tunaandika faili. Wao wanaamua. Wakifaulu wanasema ni akili zao.

Siku ya kwanza alinipa swali moja tu: sanduku la bidhaa hutoka London likafika Moroni, mji mkuu wa Komoro, kwa siku ngapi? Nikampigia wakala wa meli, akanipa jawabu, nikaliandika kwa hati nzuri nikampelekea kabla chai haijapoa.

"Umemuuliza nani mwingine?" akasema bila kutazama karatasi.

"Huyu ndiye wakala wa meli, Bwana Seif."

"Ndiyo maana nauliza nani mwingine."

Wakati huo tulikuwa tunapiga simu kwa kadi za kukwangua, zile za dukani. Nikanunua kadi, nikampata mfanyabiashara mmoja wa Moroni anayepokea mizigo. Nilipomwambia idadi ya siku za wakala alicheka mpaka nikaogopa kadi itakwisha. Akasema, "Huyo amesema kweli. Hizo ni siku za kufika bandarini. Sasa niulize za kutoka bandarini mpaka dukani kwangu." Nikauliza. Zilikuwa nyingi kuliko za baharini.

Kuanzia hapo nikawa na kanuni ya Bwana Seif: kila jawabu litoke kwa watu wawili, na watu hao wawe hawapendani. Wakikubaliana, andika. Pia nikawa na daftari. Ukurasa unagawanywa kati kwa mstari, upande mmoja Walivyosema, upande wa pili Ilivyokuwa. Madaftari hayo yapo thelathini na moja, kabati la chini, nyuma ya feni mbovu. Msiyatupe. Na feni msiitupe pia, ndani ya mota yake mna waya mzuri.

Wawekezaji huuliza kodi kwanza. Wanapenda kodi kwa sababu imeandikwa. Mtu wa Ghuba ameshuka hotelini, amekunywa kahawa pale chini mkahawani, anapanda ngazi anauliza asilimia ngapi, msamaha wa miaka mingapi. Unampa, maana sheria ipo na ni nzuri, ina misamaha na vifungu. Lakini nyinyi wenyewe ulizeni umeme. Na umeme usimuulize ofisa, usimuulize mwenye hoteli. Mtafute mama anayeuza mabawa ya kuku ya barafu. Kule watu wanapenda mabawa, na yule mama anajua hasa ni mara ngapi mwezi huo alilazimika kuyauza yote kwa siku moja kwa bei ya kutupa. Kwa mama huyo utajua ukubwa wa jenereta ya mteja wako. Hakuna ripoti iliyonipa jawabu sahihi kumshinda.

Kisha ulizeni harusi. Agosti, watu wa kule waliohamia Ufaransa wanarudi kwa harusi kubwa, mwanamume anatumia alichokusanya miaka ishirini kulisha mji mzima. Tajiri mmoja alilalamika mbele ya Bwana Seif kwamba watu wale wanaumwaga mtaji wote kwenye biriani, wangejenga viwanda. Bwana Seif akamjibu, "Akishamaliza harusi hiyo, anapata haki ya kusema uwanjani mbele ya wazee wa mji na watu kunyamaza. Weye kiwanda chako kimekupa hivyo?" Tajiri hakurudi. Mimi nilidhani tumempoteza mteja kwa mzaha. Baadaye nikaona ni kweli: anayepanga mkutano wa biashara Agosti anakutana na viti. Karani yuko harusini, dereva yuko harusini, na aliyekuahidi saini ndiye bwana harusi.

Sasa Bwana Kanti.

Alikuwa na duka la viungo Harrow, karibu na stesheni. Mzaliwa wa Kisumu, amekuja London kijana, Kiswahili chake cha dukani hakijabadilika. Mkewe alikuwa amefariki, binti wawili wamekua, wanaelewa Kiswahili na kumjibu kwa Kiingereza. Umri wake siku ile, sitini na tano. Alipanda ngazi zetu, akatoa mfukoni kijichupa chenye kitu cheusi kirefu kama uzi wa kiatu, akakiweka mezani kwangu.

"Nusa."

Nikanusa.

"Ni nini?"

"Vanila."

"Hapana, Bi Rukia. Hii ni kamba. Zamani ilikuwa vanila."

Akanieleza. Vanila bora hutiwa maji ya moto ikiwa mbichi, ikafunikwa blanketi itoe jasho, ikaanikwa kidogo kidogo wiki nyingi, ikapumzishwa sandukuni miezi. Watu wa kati hawana subira, wanakausha haraka, na yeye miaka yote ameuza kamba kwa wateja wake akijua ni kamba. Alitaka kwenda Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, akodi shamba miaka thelathini, ajenge banda la kukaushia, afanye kwa mikono yake. Angeuza duka kupata mtaji. Kila kitu alichokuwa nacho ni lile duka.

"Ikitimia miaka thelathini utakuwa na tisini na tano," nikamwambia.

"Baba yangu alifika tisini na sita. Mimi nabakisha moja."

Nikaenda Ngazija siku saba, na mwanasheria wa Moroni wa kuandika mkataba. Shamba lilikuwa zuri, juu ya barabara, udongo mweusi wa volkano, mivanila imetambaa juu ya miti. Aliyetupokea ni Bwana Msa, mwalimu mstaafu, mpole, ndiye msimamizi wa shamba. Nikachora mti wa mirathi kama tunavyochora Mombasa: baba, watoto wa kiume, watoto wa kike, nani anapata fungu gani. Nikauliza dada. Bwana Msa akasema dada wapo wawili na wameridhika. Kwetu pia dada hupelekewa salamu kwamba wameridhika, kwa hivyo nikaandika wameridhika. Mimi, mwanamke, niliandika hivyo kwa mkono wangu.

Kanuni ya Bwana Seif nayo niliifuata. Bwana Msa alikuwa na ndugu ambaye hawakusemezana kwa sababu ya mbuzi. Nikaenda kwa ndugu huyo peke yangu, nikamuuliza maneno yale yale. Akamtukana Bwana Msa nusu saa nzima, kisha akasema shamba halina matata. Watu wawili, hawapendani, jawabu moja. Nikafurahi kama niliyeokota kitu. Tukakusanya saini kumi na moja: Bwana Msa, nduguze, na vijana wao. Nikazihesabu mara mbili. Muhuri ukapigwa.

Kila siku tulikula nyumbani kwa dada mkubwa, Bweni Mariama. Bweni ndivyo wanavyomwita mwanamke wa heshima. Siku ya mwisho, ananimiminia chai, akaniuliza, "Kwenu Mombasa, mume na mke wakigombana sana, nani anatoka nyumbani?"

"Mke," nikasema. "Anarudi kwao."

Akamwita binti yake aliyekuwa ndani, msichana wa miaka kama ishirini, anayejiandaa kwenda kusoma Marseille. "Echati, njoo usikie. Anasema mke ndiye anayetoka."

"Anakwenda wapi?" Echati akauliza.

"Muulize mwenyewe."

Wakacheka wote wawili mpaka Bweni Mariama akaweka birika chini. Nami nikacheka kwa adabu. Sikujua nacheka nini, na mtu wa soko hatakiwi kucheka asichokijua.

Nikarudi London. Bwana Kanti alikuwa amepata mnunuzi, funguo za duka zikabidhiwe Jumatatu. Alhamisi nilikuwa namalizia faili, nikataka uhakika wa herufi za jina la shamba kwa ajili ya karatasi za Kifaransa. Nikapiga simu. Bwana Msa alikuwa ametoka, akapokea Bweni Mariama.

"Nataka tu jina la shamba, herufi kwa herufi," nikasema. "La kuandika kwenye mkataba."

"Mkataba gani?"

"Wa Bwana Kanti. Miaka thelathini."

"Shamba lipi?"

"La vanila. Lile la juu ya barabara."

"Lile ni langu na dada yangu, na baada yetu ni la Echati na wenzake. Msa amewaambia nini?"

"Ametia saini. Yeye na nduguze na vijana. Saini kumi na moja."

"Kumi na moja," akasema, kama mtu anayetajiwa bei ya nyanya. "Na mimi ni ya ngapi?"

Alinieleza bila hasira. Nyumba pale Ngazija ni ya mke, mume ndiye anayeingia, na mume ndiye anayetoka. Na yako mashamba ya ukoo, wanayaita manyahuli, ambayo hayafuati mirathi niliyoichora. Yanatoka kwa bibi, yanakwenda kwa binti zake, kisha kwa binti za binti zake. Hayauzwi. Kaka anasimamia, anafukuza wezi, anapokea wageni, anaheshimiwa. Lakini watoto wa kaka hawarithi hapo hata shina moja. Bwana Msa hakutaka kumwibia mtu, aliona anafanya kazi yake ya usimamizi na dada ataambiwa baadaye. Na yule ndugu wa mbuzi naye hakusema uongo, kwake yeye matata ya shamba ni wezi. Nilikuwa nimeuliza watu wawili wasiopendana, wote watoto wa mama mmoja, wote hawana kitu.

Nikampigia mwanasheria aliyeandika mkataba.

"Nilidhani unajua, madamu," akasema. "Nani asiyejua?"

Nikaenda mezani kwa Bwana Seif nikamwambia yote. Alikuwa anakunywa kahawa, akaendelea kunywa.

"Muhuri upo?"

"Upo."

"Saini zipo?"

"Zipo."

"Kanti ataridhika na karatasi hiyo?"

"Mpaka siku atakapopanda shambani."

Akaweka kikombe chini. Nilijua anachopima. Faili lilikuwa limekwisha, na Bwana Kanti asingejua kitu kwa mwaka mzima, pengine miwili. Nami nilikuwa nimeshapima hayo hayo njiani kutoka mezani kwangu mpaka kwake, hatua saba.

"Nenda Harrow kabla mtu wa watu hajatoa funguo," akasema. "Na nauli utajilipia, Rukia. Kosa ni lako."

Nikapanda treni ya Metropolitan. Sikukaa, ingawa viti vilikuwepo. Dukani rafu zilikuwa nusu tupu, mitungi imepangwa sakafuni, wateja wanaingia kuaga na kuomba wapunguziwe. Bwana Kanti alikuwa juu ya ngazi anang'oa saa ya ukutani. Nikamwambia akiwa huko huko juu. Akashuka polepole, saa mkononi.

"Hiyo karatasi iko na muhuri?"

"Inao."

"Na mimi nimeuza duka."

"Funguo bado unazo."

"Neno nimetoa. Huyo kijana ameacha kazi yake kwa sababu ya neno yangu." Akaiweka saa juu ya gunia. "Wewe si ulisema unahesabu mara mbili?"

"Nilihesabu mara mbili."

"Ulihesabu nini?"

"Wanaume."

Hakucheka. Mteja mmoja, mama wa Kigujarati, alikuwa anasubiri bizari. Akampimia robo, akaongeza kidogo, akafunga mfuko, akarudi kwangu.

"Huyo mama ya shamba anauza?"

"Hauzi."

"Anakodisha?"

"Sijamuuliza."

"Basi umekuja kuniambia nusu."

Alisema kweli, na iliniuma kuliko kama angenitukana. Jumatatu alitoa funguo kama alivyoahidi. Wiki ileile tukapanda ndege mimi na yeye. Sanduku langu lilikuwa moja, yake matatu, kwa maana hakuwa na duka la kuyaacha.

Bweni Mariama alitupokea chumba cha ndani, na dada yake mdogo, na Echati akimimina chai. Bwana Msa alikaa nje barazani akiangalia barabara, lakini masikio yake yalikuwa ndani. Bwana Kanti hakutoa karatasi yoyote. Alitoa kijichupa chake, akamimina ile kamba kwenye sinia. Bweni Mariama akainusa, akaitazama kwa huruma, akamtuma Echati chumbani. Echati akarudi na kitambaa, ndani yake vanila mbili nene zinazong'aa kama zimepakwa mafuta. Bwana Kanti akazinusa, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu mpaka dada mdogo akatabasamu. Mimi nilikuwa nahesabu watu waliomo chumbani wenye haki ya kusema. Watatu, na mimi si mmoja wao.

"Mwaka mmoja," Bweni Mariama akasema.

"Mama, mwaka moja mimi sijamaliza kujenga banda."

"Basi jenga upesi."

"Benki ya kunikopesha inataka miaka thelathini."

"Benki ina binti?"

"Haina."

"Basi haiwezi kuelewa. Mimi nikupe miaka ya mjukuu ambaye hajazaliwa, atakapokuja nimwambie nini?"

Hapo nikaingia mimi. Nilitumia kila nilichojifunza sokoni. Nilianza na kumi, nikashuka mitano, nikashuka mitatu. Nikataja ajira, nikataja barabara. Mwishoni nikasimama kama anayeondoka, nikafika mlangoni, na Bweni Mariama akaniacha niende. Ikabidi nirudi kuchukua mkoba wangu.

Masharti yake yalikuwa haya. Mwaka mmoja, na kila Septemba, harusi zikishakwisha, Bwana Kanti aje mwenyewe nyumbani kwake kuomba mwingine. Banda lijengwe pembeni kwenye mawe, si chini ya miti. Wanawake wachume, wamuuzie yeye kwa bei wanayokubaliana wote mbele ya wote. Siku atakapoambiwa basi, achukue mbao zake na mabati yake. Meza za kuanikia aziache. Juu ya meza hakutaka mjadala.

Nikamvuta Bwana Kanti barazani, karibu na Bwana Msa ambaye aliendelea kuangalia barabara tupu. Nikamwambia kama mtu wa kazi: usichukue. Hakuna benki itakayokugusa, hakuna bima. Kila Septemba unaweza kuamka huna kitu. Rudi London, ukodi duka jingine dogo, nitakusaidia kutafuta bila malipo.

"Bi Rukia," akasema, "wale kumi na moja walinipa miaka thelathini na hawakuwa nayo. Huyu iko na mwaka moja, ananipa yote."

Akaingia ndani akakubali. Mimi nikabaki nje na Bwana Msa.

"Amekubali meza?" akaniuliza.

"Amekubali."

"Dada yangu alikuwa anazitaka hizo meza tangu zamani," akasema, na hilo ndilo lililokuwa neno lake la mwisho kwangu juu ya jambo lile.

Hivyo ndivyo faili lilivyokosa mkataba. Pale pa kuandika muda, niliandika mwaka mmoja kwa mdomo, na Bwana Seif akaniangalia juu ya miwani akalipitisha. Yeye alistaafu, akafariki, na mimi nikaendelea. Tangu siku ile kila anayetaka ardhi Ngazija, swali langu la kwanza kwa mwenyeji likawa: wakigombana, nani anatoka? Liko ukurasa wa kwanza wa orodha yenu ya maswali. Mmoja wenu alilifuta kwa kudhani ni utani. Nimelirudisha.

Lakini sikutulia tena, na hili sikuwahi kuwaambia. Kila Septemba, kwa miaka tisa, siku ya Bwana Kanti kwenda kwa Bweni Mariama nilikuwa sifai kwa kazi. Nilipanga faili zilizokwisha kupangwa. Nilishuka mkahawani, nikaagiza, nikaacha chakula. Simu ilipolia niliiangalia kwanza. Nilimpeleka mwenyewe mtu wa miaka sitini na tano kukaa juu ya mawe ya mwanamke mwingine bila kipande cha karatasi, na kosa lililompeleka pale lilikuwa langu. Vanila yake ilipata wanunuzi hapa hapa London, hoteli mbili na muuza keki mmoja, na kila aliyeinusa aliuliza inatoka wapi. Haikunipunguzia kitu. Mwaka mmoja Bweni Mariama alimweka saa mbili nzima akimsimulia maradhi ya mbuzi kabla ya kusema ndiyo. Mwaka mwingine alisema atafikiri, akafikiri siku nne.

Wiki yangu ya mwisho ofisini, ulikuja ujumbe kutoka kwa Echati. Masomo alimaliza zamani, amefanya kazi Marseille, sasa amerudi, na mama yake amemwachia mambo ya shamba. Aliambatanisha mkataba. Kifaransa safi, mwanasheria mzuri, miaka thelathini. Chini yake saini saba, zote za wanawake, na ya Bweni Mariama ya kwanza, imetetemeka kidogo. Nikazihesabu. Nikampigia binti mkubwa wa yule dada mdogo, anayemchukia Bweni Mariama kwa sababu ya kisima, nikamsomea majina. Akasema wote wamo, na yeye ni wa nne.

Nikampigia Bwana Kanti.

"Imekuja," nikamwambia. "Thelathini. Saini za wanawake wote."

Nikasikia anamwambia mtu ageuze blanketi. Kisha akarudi kwenye simu.

"Thelathini. Mimi nitakuwa na mia moja na nne."

"Utawaachia binti zako."

"Binti zangu wanaogopa mbu."

"Tia saini, Bwana Kanti. Hii ndiyo tuliyokuwa tunaitaka."

"Wewe ndiye ulikuwa unaitaka," akasema. "Skiza, Bi Rukia. Kila Septemba mimi nachagua vanila bora ya mwaka, navaa koti, naenda kwa yule mama. Ananihangaisha. Halafu ananipa mwaka, natoka nje, naona hii mlima kama sijawahi kuiona. Sasa nikitia saini, Septemba nitaenda kule kufanya nini?"

Nilijaribu tena Jumatano, na Alhamisi. Ijumaa nikarudisha funguo zangu na faili likabaki kama mlivyolikuta. Msimlazimishe. Mkataba upo kwenye kompyuta, haujatiwa saini upande wake, na pengine hautatiwa.

Jana amenitumia ujumbe wa sauti. Amemwomba Echati mwaka mmoja kama kawaida, na Echati, ambaye amesoma biashara, anaona ni mbinu ya kuvutana bei, amemshushia kodi mara mbili na Bwana Kanti bado anasema hapana, mwaka. Anasema msichana ni mgumu kuliko mama yake, hacheki, anaandika kila kitu. Bweni Mariama amelala chumba cha ndani akisikiliza. Bwana Kanti anataka niwepo Septemba, nikae upande wake, nisiseme kitu.

Nikamwambia mimi nimestaafu. Kisha nikaangalia nauli ya ndege ya Septemba. Iko juu. Nikaangalia tena baada ya chakula cha mchana, bado iko juu, lakini siti zimepungua mbili.